Mgonjwa Chini ya Micheri

Shemeji yangu Nobuyasu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nitakayoyasema yatakufanya udhani namchukia. Simchukii. Ni mume wa dada yangu Itsue, ni mpole, hajawahi kuinua mkono wala sauti, na aliponitembelea kwangu Choshi, kule pwani, alikula samaki wangu wa kukausha pamoja na vichwa vyao. Kasoro yake ni moja tu: alistaafu.

Kabla ya hapo alikuwa mume mzuri, kwa maana hakuwepo. Alitoka alfajiri na kurudi watu wamelala, ujana wote na utu uzima wote kaumalizia kwenye kampuni ya vifuniko vya chupa, mpaka akawa mkuu wa idara. Kile kifuniko chenye kidomo, cha chupa ya mchuzi wa soya, kilichopo jikoni kwake, ni idara yake iliyokitengeneza. Lakini chupa yenyewe inakaa kabati gani, hajui. "Itsue, mchuzi wa soya uko wapi?" Dada anamwonyesha. Kesho yake, "Itsue, mchuzi wa soya uko wapi?" Ningekuwa mimi ndiye mke, ningemmwagia kichwani aone ulipo.

Siku aliyostaafu walimpa shada la maua na saa ya ukutani. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti mbele ya televisheni, na tangu hapo akiinuka ni kumfuata dada. Dada akienda sokoni, yumo nyuma kabeba kikapu kitupu. Dada akienda kutengeneza nywele, anamngoja mlangoni kama mbwa aliyefungwa kwenye nguzo. Huku kwetu wanaume wa namna hii wana jina lao: jani lililolowa. Jani kavu ukilifagia linakwenda. Lililolowa linang'ang'ania ufagio, na ukilibandua kwenye ufagio linahamia kwenye kiatu chako.

Dada akatafuta pa kupumulia. Akajiunga na kikundi cha matembezi cha wazee wa mtaani kwao, Urawa. Msimu wa maua ukianza hawakai ndani: mplamu ukichanua wapo, micheri ikichanua wapo, mpaka yale maua ya zambarau yanayoning'inia kama zabibu mwezi wa tano. Wanatembea, wanakaa chini, wanakula, wanasema "mwaka huu yamependeza kuliko mwaka jana," wanarudi. Kila mwaka wanasema hivyohivyo.

Nilijua ana kikundi. Kilichobaki nilikijua asubuhi ile ndani ya treni, tukienda kutazama micheri ya bustani ya Omiya. Nilikuwa nimefika kwao jana yake kutoka Choshi, maana dada alinisihi nije nimsaidie kubeba vyakula. Tulikuwa tumepakata masanduku ya vitonge vya wali, mayai ya kukunja na figili za chumvi, tuliyoyapangia foleni dukani saa nzima, na dada akanikaribia sikioni.

"Chisato, wakikuuliza habari za Nobuyasu, ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa kitandani. Hainuki."

Tulipotoka nyumbani nilikuwa nimemwacha shemeji mezani, anakula bakuli la pili. Nikamtazama dada.

"Ni hizi simu zake," akasema. "Tulipokwenda kwenye mplamu alipiga kuuliza soksi ziko wapi. Akapiga tena, sufuria la umeme la wali linalia, afanyeje. Bi Yoneyama, kiongozi wetu, akaniuliza mbele ya watu, Bi Kumazawa, kuna nini nyumbani? Ningesema nini? Niseme mkuu wa idara mzima ameshindwa na sufuria? Nikasema mume wangu mgonjwa, hainuki."

"Na wakaamini?"

"Wameamini mpaka inanitia hofu. Kila tukikutana Bi Yoneyama ananishika mkono. Wanasema mimi ni mke wa mfano."

"Shemeji anajua?"

"Atajulia wapi? Leo nimemwambia nakupeleka kwa daktari wa meno."

Nikajishika shavu. Meno niliyobakiwa nayo yote ni mazima, na sipendi yasingiziwe. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Akaniambia ninyamaze, hajamaliza.

"Nimempa neno langu wiki iliyopita," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Nimemwambia, Nobuyasu, micheri ikimaliza kupukutika, na wewe bado huna pa kwenda wala mtu wa kwenda naye, mimi nahama. Sina hasira. Nimechoka kuulizwa. Nahamia kwa Chisato."

"Chisato yupi?"

"Nina Chisato wangapi?"

Jamani, nampenda dada yangu. Lakini nyumba yangu ni vyumba viwili, kimoja cha kwangu na cha pili cha paka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe sina, nina vyandarua vya kuanikia samaki tu. Nikamuuliza shemeji alijibu nini.

"Alisema Choshi kuna upepo mwingi. Akarudi kwenye televisheni." Dada akatoa simu mkobani, akaitazama. "Ajabu. Leo hajapiga hata mara moja."

Nilimjua dada yangu tangu tukiogeshwa beseni moja. Hakuwa anatishia. Alikuwa ameshalia akamaliza, na mtu akifika hapo hasemi tena, anafunga mizigo.

Omiya ilikuwa imefurika. Siku kama ile, micheri imechanua yote kwa pamoja na utabiri unasema kesho upepo, nani anakaa nyumbani? Chini ya miti hapakuonekana ardhi. Ni maturubai ya buluu matupu, moja limegusana na jingine, na pembeni ya kila turubai viatu vimepangwa mdomo nje. Kila kundi lina mtu wake aliyetumwa tangu alfajiri kutandika na kulinda nafasi. Kikundi cha dada kilimtuma Bwana Hatano, fundi bomba mstaafu, kwa sababu ndiye anayelala popote bila kulalamika. Tukawa tunapita, samahani, samahani, tukiruka miguu ya watu, mpaka tukasikia sauti ya Bi Yoneyama. Huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mpaka leo anazungumza na watu wazima kana kwamba mmoja wao amekojoa darasani.

"Bi Kumazawa, huku. Vua viatu, kaa. Huyu ni mdogo wako? Na wewe vua, kaa."

Tukainama kuvua viatu. Nilipoinua uso, katikati ya turubai, kati ya Bi Yoneyama na Bwana Hatano, ameketi shemeji yangu Nobuyasu. Ana kikombe cha karatasi mkononi na ua moja juu ya kofia.

Ilikuwaje? Alitueleza baadaye. Alipobaki peke yake nyumbani aliyafikiria maneno ya dada. Akakumbuka kwamba wenzake wa vifuniko hukutana Omiya kila mwaka chini ya micheri na kila mwaka humwalika, naye hajibu. Akavaa kofia, akapanda treni kabla yetu, sisi tukiwa bado kwenye foleni ya vyakula. Akafika, akaona turubai limetandikwa vizuri mahali palepale palipotajwa kwenye mwaliko, na mtu mmoja amelala kajifunika gazeti usoni. Akavua viatu, akakaa. Kumwamsha mtu aliyelinda nafasi tangu alfajiri ni kukosa adabu, kwa hiyo hakumwamsha. Bwana Hatano alipozinduka akaona mzee mwenye heshima ameketi, akadhani ni mwanachama mpya wa Bi Yoneyama. Kumuuliza mtu "wewe nani" wakati ameshavua viatu ni kukosa adabu zaidi, kwa hiyo hakuuliza. Akamkaribisha kikombe. Shemeji akapokea. Na ukishapokea kikombe kwa mikono miwili, basi tena, utasemaje kwamba hukuja hapo? Bi Yoneyama naye alipofika akaona wawili wanakunywa wakichekeana, akajua ni rafiki wa Hatano. Watu wazima, wenye akili zao, wakakaa hivyo wakipeana njugu, na kila mmoja anangoja mwingine ataje jina.

Dada aliganda na kiatu kimoja mguuni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi namna ile, ukawa mweupe kama maua yaliyokuwa juu yetu. Najua alichofikiri, kwa sababu hata mimi nilikifikiri: amemfuata. Mpaka huku amemfuata.

"Bi Kumazawa," akasema Bwana Hatano, mashavu yameshaiva kwa sake, pombe yetu ya mchele, "mgonjwa anaendeleaje? Bado hainuki?"

Nikasema moyoni, haya, siku za mwizi zimetimia. Shemeji akamtazama dada, akamtazama Hatano, akatazama kikombe chake. Shemeji ni mzito wa mambo mengi lakini si mjinga. Niliona lilivyomwingia polepole, kwamba mgonjwa asiyeinuka ni nani.

"Na wewe bwana," Bi Yoneyama akamgeukia, "samahani sana, tumekaa muda wote huu sijalishika jina lako."

Hapo angetamka jina tu, Kumazawa, na dada yangu asingeweza tena kuonyesha uso mtaani kwao. Na angekuwa na haki. Mtu anasikia mkewe amemlaza kitandani mbele ya mtaa mzima, ana haki ya kukasirika. Shemeji akainua macho juu, kwenye matawi.

"Sakuragi," akasema. "Naitwa Sakuragi."

Yaani Mti-wa-Cheri. Ameketi chini yake, likamjia hilo. Lingemjia turubai, angejiita Turubai.

"Karibu, Bwana Sakuragi," akasema Bi Yoneyama. "Jina limefaa msimu. Wewe ndiye mgeni wetu, kwa hiyo unajua kazi yako."

Kazi ya mgeni inajulikana: kumimina. Hapa hakuna anayejimiminia mwenyewe, na aliye mpya ndiye anayezunguka na birika la chai. Shemeji akapiga magoti akaanza kuzunguka. Alimwaga kidogo kwenye goti la Hatano, akaomba radhi, akaendelea. Akafika kwa dada. Tangu waoane huyu mwanamume hajawahi kummiminia mkewe hata maji.

"Bibi," akasema, kichwa ameinamisha, "unapenda ya moto sana au vuguvugu?"

Dada akasogeza kikombe chake mbele.

"Vuguvugu," akasema. "Tangu ujana wangu."

Shemeji akachanganya na maji ya baridi, akapima joto kwa kushika kikombe kwa nje, akampa. Bi Yoneyama, ambaye hapendi mtu akae bila kazi, akamwambia aketi hapohapo karibu na Bi Kumazawa amliwaze, maana mwenzake ana mzigo nyumbani. Mimi nikabaki upande wa pili nimebeba kitonge cha wali ambacho sikujua nikipeleke wapi.

"Pole kwa kuuguza," akaanza shemeji. "Mumeo anasumbuliwa na nini hasa?"

"Viungo," akasema dada. "Mikono haifiki kabatini."

"Tangu lini?"

"Uligundulika alipostaafu. Nafikiri alikuwa nao zamani, ila mchana alikuwa kazini, sikuuona."

"Na chakula, anakula?"

"Kula anakula. Hapo hana ugonjwa wowote."

Nikapaliwa na wali. Bwana Hatano akanipiga mgongoni kwa mkono wake wa fundi bomba, nusura anitoe pafu. Nilipopata pumzi wao walikuwa wanaendelea, wanazungumza chini kwa chini, hawatazamani, macho ya wote wawili kwenye maua.

"Labda hajui kama anaumwa," shemeji akasema.

"Ameambiwa. Aliniambia Choshi kuna upepo."

"Labda alishindwa la kusema."

"Mtu akishindwa la kusema hunyamaza. Hatoi habari za upepo." Dada akanywa chai yake. "Na wewe Bwana Sakuragi, huna wenzako wa kutazama nao maua?"

"Ninao. Wale pale, karibu na taa, wenye tai. Nilikosea turubai. Nilipowaona wanapita nikashusha kofia."

"Kwa nini?"

"Wataniuliza nafanya nini siku hizi." Alisema hivyo bila kujionea huruma, kama anataja hitilafu ya mashine. "Sina la kuwajibu. Nyumba ikiwa kimya naogopa, bibi. Kwa hiyo nauliza kitu. Soksi, mchuzi, chochote. Nikijibiwa najua kuna mtu."

Dada aliweka kikombe chini. Nilimwona anataka kusema neno, midomo imeshafunguka. Ningekuwa na uwezo ningefukuza watu wote bustani nzima ili lile neno litoke. Lakini Bi Yoneyama akapiga makofi.

"Watoto, sikilizeni," akasema. Kweli alisema watoto, na mdogo wao ana wajukuu. "Leo tuna jambo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko mkubwa akatoa korongo wa karatasi. Elfu zima, wa kila rangi, wametungwa kwenye nyuzi ndefu na kufungwa pamoja kama mkungu wa ndizi. Sote tunajua wanapewa nani: mgonjwa aliyezidiwa, ili apone. Walikuwa wamewakunja wao wote, usiku na mchana, Bwana Hatano mwenyewe na vidole vyake vinene.

"Hawa ni wa mume wako, Bi Kumazawa. Na hatutakupa ubebe peke yako. Jumamosi tutakuja sote kumtazama."

Dada akasema nyumba ni chafu. Bi Yoneyama akasema watakuja na ufagio. Dada akasema mgonjwa hapendi watu. Bi Yoneyama akasema hao ndio hasa wanaohitaji watu. Dada akaangalia kulia na kushoto, akashika la mwisho alilokuwa nalo.

"Jumamosi sitakuwepo. Nakwenda Choshi, kwa mdogo wangu. Kupumzika."

Wote wakanigeukia. Nikainamisha uso kwenye sanduku la figili.

"Na mgonjwa umemwachia nani?" akauliza Bi Yoneyama, na sauti ilikuwa imebadilika. "Mtu asiyeinuka, unamwacha nyumbani unakwenda baharini?"

Nyimbo za makundi mengine ndizo zilizosikika. Dada alikuwa amekunja mikono mapajani, shingo imemwiva, na hakuna hata mmoja pale aliyemtazama, maana kwetu mtu akiaibika watu hutazama pembeni, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Hasira zilinipanda. Nilitaka kusimama niwaambie ukweli wote, soksi na sufuria na kila kitu, liwalo na liwe. Nikaweka sanduku chini.

Shemeji akanitangulia. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kwenye turubai, akainama mpaka kofia ikadondoka.

"Mgonjwa ni mimi," akasema.

"Bwana Sakuragi," akasema Bi Yoneyama, "umelewa."

"Mimi si Sakuragi. Naitwa Kumazawa. Huyu ni mke wangu." Hakuinua kichwa. "Hakuwadanganya. Ni kweli siinuki. Soksi zangu zimo mahali fulani ndani ya nyumba yangu, sijui ni wapi. Kupika wali sijui. Chai anayoipenda mke wangu nimeijua leo, hapa, mbele yenu. Kama huo si ugonjwa, basi sijui niuite nini. Leo nimejaribu kuinuka kidogo, ndiyo nikafika hapa. Msimseme yeye, mimi ndiye niliyemchosha."

Petali zilikuwa zinamwangukia mgongoni na hakuna aliyempangusa. Nilikuwa tayari kushika masanduku yangu tuondoke na aibu yetu, tukaipakie kwenye treni. Kisha Bwana Hatano akatua kikombe chake, amekunja uso kama mtu anayetafuta bomba linalovuja.

"Soksi," akasema. "Hivi zangu ziko wapi? Mke wangu huniwekea kitini." Akafikiri tena. "Mwenzangu, huu hata mimi ninao."

Mama mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo, akashindwa. Mwingine akasema wa mumewe umefika kwenye mifupa. Turubai likaanza kuchemka. Walibaki wanamwogopa Bi Yoneyama tu, ambaye alikuwa bado ameshikilia korongo wake mkono umesimama.

"Marehemu wangu aliondoka nao," akasema hatimaye. "Neno lake la mwisho aliniuliza miwani iko wapi. Ilikuwa usoni."

Akasogea kwa magoti, akamvika shemeji korongo wote shingoni, nyuzi zikamfunika mpaka kiunoni. Akamgeukia dada, akamnyooshea kidole.

"Bi Kumazawa, mwalimu hadanganywi. Tutaongea siku nyingine. Ila ugonjwa ni ugonjwa, na Jumamosi tunakuja vilevile. Mgonjwa atatupikia wali."

Dada alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika. Sikujua analia au anacheka, nikamsogelea nimshike, nikakuta ni vyote viwili. Akaninong'oneza kwamba wali wa huyu mtu utawaua watu. Hapo tukacheka sote, hata wale wenye tai karibu na taa wakageuka kutazama kuna nini, na mmoja wao akasimama akapaza sauti, "Si mkuu wa idara yule?" Shemeji akawapungia mkono katikati ya korongo wake. Walikuja wanne na chupa yao, na sikumsikia hata mmoja akimuuliza anafanya nini siku hizi. Walimuuliza anaumwa nini, na Bwana Hatano ndiye aliyewaeleza, kwa kirefu, na dalili zake.

Tukarudi kwa treni ya jioni, jua halijazama. Shemeji alikaa katikati yetu na korongo wake mapajani, abiria wanampisha kwa heshima wakidhani anakwenda hospitali. Treni ikatoka kituoni. Mimi nikageukia dirisha, lakini masikio sikuyageuza.

"Itsue," akasema, na nikangoja aulize kitu gani kiko wapi. "Choshi utakwenda?"

Dada alikuwa anachambua petali kwenye begi lake, moja moja.

"Mgonjwa haachwi peke yake," akasema.

Shemeji akalitafakari hilo kituo kizima. Milango ikafunguka, ikafungwa, treni ikaondoka tena.

"Basi nisipone?"

"Pona," akasema dada. "Lakini taratibu."